Kuunyoosha Mkono wa Birika: Mazoezi ya Ukarimu kwa Tafakuri na Sanaa ya Kibudha

Watu wengi huamini kwamba ukarimu ni tabia ya kuzaliwa nayo. Fulani ana mkono wa birika, hajulikani kutoa tangu utotoni. Mwingine hugawa hata kitoweo cha watoto wake. Tunasema ndivyo Mungu alivyowaumba, kisha kila mtu anashika njia yake. Walimu wa Kibudha hawaishii hapo. Kwao ukarimu ni ujuzi, na ujuzi hufunzwa: una hatua zake, vifaa vyake na marudio yake, na mwanafunzi huanzia pale anapoweza.

Ndiyo maana katika sifa sita za ukamilifu zinazofundishwa na madhehebu ya Mahayana, yaliyoenea Tibet, China na Japani, ukarimu, yaani dana, hutajwa kwanza. Tafakuri ni ya tano, hekima ya sita. Madhehebu ya Theravada ya Sri Lanka, Thailand na Myanmar yana sifa kumi, na huko nako dana ndiyo inayofungua orodha. Asiyeweza kuachia sahani ya wali atapata tabu sana kuachia kinyongo atakapokaa kutafakari.

Makala haya hayakutaki ubadili dini. Mwislamu ana zaka na sadaka, Mkristo ana fungu la kumi na matoleo, na wote wamefundishwa kwa nini watoe. Unachoweza kuazima kwa Wabudha ni mazoezi ya kila siku yanayouandaa moyo kabla mkono haujafika mfukoni. Zoezi likiwa na ibada isiyoafikiana na imani yako, utaona hapa cha kubakisha na cha kuacha.

Tendo moja, nyakati tatu

Katika mojawapo ya hotuba zilizohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, Budha anamweleza mtoaji kwa nyakati tatu. Kabla ya kutoa ana furaha. Wakati wa kutoa moyo wake ni mweupe. Baada ya kutoa ameridhika.

Jipime kwa kipimo hicho katika mchango wako wa mwisho, uwe wa harusi, wa msiba au wa ada ya mtoto wa ndugu. Kabla ya kutoa, je, ulisubiri uone wenzako wameandika ngapi kwenye kundi la simu? Wakati wa kutoa, jicho lako lilikuwa kwa mpokeaji au kwa mashahidi? Na baadaye, hukuwahi kusimbulia, hata kimoyomoyo: “Yule bila mimi asingesoma”? Husemwa sana kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mazoezi yafuatayo yanahusu huo moyo, na kila moja linatibu wakati mmojawapo kati ya hizo tatu ambapo watu hukwama.

1. Mkono wa kulia umpe wa kushoto

Walimu wa Kitibeti husimulia habari za mtu mchoyo kupindukia aliyekiri mbele ya Budha kwamba hawezi kutoa kitu chochote. Budha hakumkaripia. Alimwagiza ashike kitu kwa mkono wa kulia, akipe mkono wa kushoto, kisha wa kushoto ukirudishe, mpaka vidole vizoee kufunguka. Shantideva, mtawa wa chuo cha Nalanda nchini India katika karne ya 8, anaeleza ngazi hiyo hiyo: mwongozi humwanzisha mwanafunzi kwa kutoa mboga na vitu vya namna hiyo, na akishazoea ndipo makubwa yanapowezekana.

Fanya hivi kwa dakika tano. Kaa wima, shika sarafu, funguo au chungwa. Bana kwa nguvu kidogo, utambue mbano uko wapi: kwenye vidole, kwenye kiwiko, au umepanda mpaka begani na tayani. Sasa fungua kiganja polepole, ukiachie kitu kiangukie mkono wa pili. Rudia bila haraka. Unachotafuta ni ile nukta fupi ambapo kitu kimeshatoka mkono mmoja na bado hakijafika mwingine.

Kisha litoe zoezi nje ya nyumba. Kwa wiki nzima, kila siku toa kitu kimoja ambacho hutakilalamikia: kalamu, embe, nafasi yako kwenye foleni, kiti cha dirishani kwenye daladala. Usikimbilie vikubwa. Anayetoa kikubwa kabla hajazoea hujuta, na majuto humfundisha kubana zaidi.

2. Kaa uikumbuke zawadi yako

Buddhaghosa, mtawa msomi aliyeandika nchini Sri Lanka katika karne ya 5, alipanga mada 40 za tafakuri katika kitabu chake cha Visuddhimagga. Mojawapo ni kuukumbuka ukarimu wako mwenyewe. Anaweka sharti: anayeanza na aazimie kwanza kwamba, akiwapo mtu wa kupewa, hatatia tonge kinywani kabla hajatoa. Akishatoa, ndipo ajitenge na kutafakari. Huwezi kukumbuka ambacho hukufanya.

Hatua zake ni hizi:

• Tafuta dakika kumi za faragha. Kaa kitini au kwenye mkeka, mgongo umenyooka, macho yamefumbwa au yameinamishwa. Pumua kawaida mpaka utulie.

• Chagua zawadi moja tu, ya leo au ya juzi. Ikumbuke kwa vitu vyake: ilikuwa nini, mlisimama wapi, uso wa mpokeaji ulikuwaje, mkono wako ulikwendaje.

• Simama kwenye ile nukta ya kuachia. Tazama mwili wako ulisikia nini. Wengi huona kifua kimepanuka kidogo au mabega yameshuka.

• Uambie moyo, kwa maneno yako, kwamba ni bahati kuishi na mkono uliofunguka katikati ya uchoyo mwingi, ukiwemo wako mwenyewe.

• Fikra ikienda kwa mpokeaji, kama alishukuru au kama amekitumia vizuri, irudishe kwenye mkono wako. Yake ni yake.

Utauliza: huku si kujisifu? Kujisifu kunahitaji msikilizaji. Ndiyo sababu zoezi hili lina sharti la kimya: ulichokikumbuka hapa usimsimulie mtu. Ukishamsimulia, tafakuri imegeuka kuwa ria.

Zoezi hili hutibu wakati wa baada ya kutoa. Mtoaji huwa na maumivu ya kilichoondoka, na akili huyakuza usiku kucha. Kwa kukumbuka vizuri unaipa akili kumbukumbu nyingine ya tukio lile lile, na siku ya pili mkono hausiti sana.

3. Mtakie heri kabla hujampa

Tafakuri ya metta, yaani kuwatakia wengine heri, hufuata mpangilio ambao Buddhaghosa pia ameueleza kinaganaga. Unaanza na nafsi yako. Unafuata mtu unayemheshimu aliyekufadhili, kama mwalimu au mlezi. Kisha mpendwa wako, kisha mtu ambaye humpendi wala humchukii, mwisho yule mliyekosana. Kila mmoja unamweka moyoni na kumtakia: awe salama, awe na afya, awe na amani. Usivuke kwenda kwa wa mbele kabla wa nyuma hajatulia moyoni.

Anayefaa kuangaliwa sana ni yule wa nne, kwa sababu ndiye tunayempa bila kumwona: mlinzi wa getini, muuza karanga, utingo. Mchague mmoja, umtakie heri kwa wiki nzima, halafu mpe kitu kidogo ukimtazama usoni. Utaona tofauti ya kumtupia mtu sarafu na kumpa.

Kwa adui, Buddhaghosa anaorodhesha dawa nyingi za kuondoa chuki. Zikishindikana zote, anashauri moja ya mwisho: mpe zawadi. Hapo tafakuri inaukabidhi mkono kazi ambayo akili imeshindwa. Si lazima zawadi iwe kubwa, lakini iwe halali na isiwe na ujumbe wa kijembe ndani yake.

Watibeti wana zoezi lenye uzito zaidi, tonglen, ambalo Chekawa, mwalimu wa karne ya 12, aliliweka katika mafundisho yake ya kuifunza akili. Ukivuta pumzi unajiwazia unapokea shida ya mwenzako, na ukiitoa unampelekea unafuu na mema yote uliyo nayo. Anza na shida yako mwenyewe ya leo, ndogo, kwa dakika chache. Kama umefiwa karibuni au una jeraha zito la moyo, liache hili kwa sasa, ubaki na metta.

4. Mabakuli saba ya maji

Sasa tuingie kwenye sanaa. Katika nyumba nyingi za Watibeti kuna madhabahu yenye mstari wa mabakuli saba, na kila asubuhi mtu huyajaza maji. Ni sanaa ya mkono inayofanywa na bibi kizee na mtoto wa shule vilevile, na imepangwa kwa uangalifu mkubwa. Mabakuli yanawakilisha alivyopokewa mgeni wa heshima katika India ya kale: maji ya kunywa, maji ya kuoshea miguu, maua, udi, taa, marashi na chakula. Muziki ni wa nane, ila hauhitaji bakuli kwa kuwa ni wa kusikika. Mpwani aliyewahi kurushiwa marashi ya mrashi na kufukizwa chetezo harusini ataielewa orodha hiyo mara moja.

Kwa nini maji? Walimu hueleza kwamba maji ndiyo kitu ambacho mtoaji hakionei uchungu wala hakijivunii. Hivyo unajizoeza kutoa kusiko na majuto wala majivuno. Penye maji ya kununua kwa dumu, lishike lengo hilo kwa kutumia vikombe vidogo vya kahawa. Saba vyote havitakula hata lita moja.

• Tengeneza mahali palipoinuka, safi, pasipowekwa funguo na chaja za simu. Tandika kitambaa.

• Futa mabakuli kwa kitambaa kikavu. Kwa desturi, bakuli tupu haliwekwi wima madhabahuni. Kwa hiyo yashike yakiwa yamepachikana, jaza la juu, limimine karibu lote kwenye linalofuata, ubakize kidogo, ndipo uliweke chini. Endelea hivyo mpaka la saba.

• Yapange kwa mstari mnyoofu kutoka kushoto kwako kwenda kulia. Nafasi kati ya bakuli na bakuli ni upana wa punje ya shayiri. Punje ya mchele itafaa. Yakigusana au yakiachana sana, yarekebishe.

• Rudi mwanzo, uyajaze kwa mpangilio huo huo. Anza kwa mchirizi mwembamba, uache unenepe, kisha uufanye mwembamba tena, umbo la punje. Simama upana wa punje kabla ya ukingo. Usimwage hata tone.

• Ukimaliza, tamka unawatolea akina nani. Wabudha huyatoa kwa Budha kwa ajili ya viumbe wote.

• Jioni kabla giza halijaingia, yamwage kuanzia kulia kurudi kushoto, yakaushe, yafudikize. Maji yapeleke kwenye miche au mahali safi.

Jambo la kutazama ni mkono wako unapofika bakuli la tano au la sita, pale uvivu unapoingia na nafasi zinapoanza kupinda. Huko ndiko unakojifunza kutoa kwa heshima hata tendo likishakuwa la kawaida, kama linavyokuwa la kawaida kumpa mama yako pesa ya sokoni kila mwezi.

Na ambaye imani yake hairuhusu kuweka chochote mbele ya sanamu? Madhabahu na aiache, abaki na umakini. Chukua sinia na glasi, uwamiminie maji watu wa nyumbani au wenzako kazini kwa utaratibu huo huo: glasi safi, mstari mnyoofu, mchirizi wa punje, bila kumwaga. Mpe kila mtu kwa mikono miwili.

5. Dunia kwenye sahani ya mchele

Zoezi la pili la sanaa ni la kutoa mandala, picha ya ulimwengu mzima inayojengwa kwa nafaka. Watibeti wanaojiandaa kwa mafunzo ya juu hulirudia mara 100,000, kwa sababu linagusa kitu kigumu kuliko maji: vile tunavyovipenda.

Chukua sahani bapa na mchele safi uliochambuliwa, tandika kitambaa mapajani. Shika sahani kwa mkono wa kushoto pamoja na punje chache. Ifute kwa kifundo cha mkono wa kulia mara tatu, ukizungusha mkono kwa kufuata saa, nia ikiwa kuondoa ubahili. Mimina fungu la kwanza katikati: huo ni mlima Meru, kitovu cha dunia katika elimu ya kale ya India. Weka mafungu manne kwa pande nne, kisha mawili, jua na mwezi. Jumla saba.

Sasa lipe kila fungu jina la kitu chako. Katikati weka unachokishika kwa nguvu kuliko vyote: kiwanja, cheo, jina lako mtaani. Pembeni weka vingine, simu, akiba, hata sifa ya kuwa mtu mwema. Iinue sahani, utoe vyote kimoyomoyo kwa manufaa ya wengine, kisha imiminie upande wako, mchele urudi kitambaani. Kiwanja bado ni chako na hati iko kabatini. Kilicholegea kidogo ni namna ulivyokishika. Kesho ongeza konzi ya mchele mpya, na kila mwisho wa wiki pima kiasi kama hicho ukampikie mtu, ili zoezi lisibaki la kuwazia tu.

6. Jifunze kutazama mkono

Sanaa ya Kibudha ina lugha ya mikono. Mkono wa kutoa unajulikana kwa urahisi: umeteremshwa, kiganja kinatazama nje, vidole vinaelekea chini, hauna kitu wala haukunji kitu. Utauona kwa Ratnasambhava, Budha wa rangi ya njano anayehusishwa na upande wa kusini na ukarimu. Utauona kwa Tara wa kijani, mtakatifu wa kike wa Kibudha, ambaye pia mguu wake wa kulia ameunyoosha, tayari kuinuka aende kunakohitajika msaada.

Kinyume chake kimechorwa kwenye Gurudumu la Maisha, picha inayowekwa kwenye mlango wa nyumba za watawa wa Kitibeti. Humo wamo mapreta, viumbe wa njaa wenye matumbo makubwa na shingo nyembamba, wasioshiba. Wachoraji waliwaweka pale mlangoni ili anayeingia ajiulize shingo yake ina unene gani.

Tafuta picha moja kati ya hizo, kitabuni au kwenye makumbusho. Wasomaji walioko Ulaya wanaweza kwenda Guimet mjini Paris au British Museum mjini London. Ipe dakika kumi, simu ikiwa mfukoni. Tazama mkono tu kwa dakika tatu. Kisha uige kwa mkono wako, uone bega na kiwiko vinafanya nini. Mwisho jiulize mkono wangu hukaa hivi lini, na kwa nani haujawahi kukaa hivi. Jibu la swali la pili ndilo kazi yako ya wiki.

7. Tengeneza, kisha uachie

Mwaka 1988 watawa wa Namgyal, nyumba ya utawa ya Dalai Lama, walijenga mandala ya mchanga katika American Museum of Natural History mjini New York, mbele ya watazamaji. Kazi kama hiyo hufanywa kwa mirija myembamba ya chuma. Mmoja una meno kwa nje, na ukisuguliwa mtetemo hudondosha mchanga wa rangi punje kwa punje. Watawa huinama siku nyingi. Picha ikikamilika hufagiliwa kutoka ukingoni kwenda katikati, mchanga huwekwa chunguni, na sehemu kubwa humwagwa kwenye maji yanayotiririka ili baraka ziwafikie wote. Mara nyingi watazamaji hugawiwa kidogo.

Wewe tumia mchele uliopakwa rangi, chaki, au petali za maua. Chora duara, ligawe pande nne, lijaze kwa uangalifu kwa saa nzima. Usipige picha, maana picha ni njia ya kuendelea kushika. Mwite mtu mmoja aone, kisha fagia. Ukisikia “jamani, basi liache mpaka kesho,” hapo umeukuta ule ung’ang’anizi tunaoushughulikia. Nchini Sri Lanka waumini wanaopeleka maua hekaluni hutafakari hapo hapo kwamba maua hayo yatanyauka, na mwili nao vivyo hivyo. Tena hawayanusi kabla ya kuyatoa, ili harufu ya kwanza isiwe yao.

Kutengeneza pia kunafaa kufanywa kwa ushirika. Wakati wa Vesak, sikukuu ya mwezi mpevu wa Mei, familia za Sri Lanka huunda taa za mianzi na karatasi, na mitaa hufungua dansala, vibanda vya kugawa chakula na vinywaji bure kwa yeyote anayepita, bila kumuuliza dini yake. Zamani zaidi, huko Sanchi, mahali patakatifu pa Kibudha katikati ya India, mamia ya maandishi mafupi kwenye mawe yanataja waliochangia ujenzi: watawa wa kiume na wa kike, wake wa nyumbani, wafanyabiashara, vijiji vizima. Mafundi wa pembe za ndovu wa mji wa Vidisha waliacha maandishi kwamba uchongaji wa lango la kusini ni kazi yao. Ni maandishi hayo ya watoaji yaliyomsaidia msomi Mwingereza James Prinsep kuusoma Brahmi, mwandiko wa kale wa India, mwaka 1837: aliona mengi yanaishia kwa herufi zile zile, akakisia zinataja zawadi. Kwa hiyo kama huna cha kujenga peke yako, ungana na wenzako. Kikundi cha watu sita kinaweza kupaka rangi ukuta wa darasa la chekechea na kuchora juu yake.

Mahali watu wanapopotea

*Kutoa mpaka kuumia.* Wabudha wana hadithi mashuhuri ya mwana wa mfalme Vessantara, aliyetoa tembo mweupe wa nchi, mali yake, na hatimaye watoto wake na mkewe. Kaskazini mashariki mwa Thailand, eneo la Isan, wanakijiji huibeba hadithi hiyo kwa maandamano ikiwa imechorwa kwenye kitambaa kirefu, na kuiingiza hekaluni kabla ya kusomwa. Lakini hata maandiko yenyewe yana mashaka nayo: katika kitabu cha Maswali ya Milinda, Mfalme Milinda anamhoji mtawa Nagasena kama ni haki kutoa watoto. Hotuba nyingine ya Budha inaweka mpaka ulio wazi. Mtu mwema hutoa kwa imani, kwa heshima, kwa wakati wake, kwa moyo usiobana, na bila kujidhuru wala kumdhuru mwingine. Usikope ili utoe. Usitoe ada ya mwanao ili uonekane kwenye mchango wa mtaa.

*Kusubiri asante.* Mjini Luang Prabang, Laos, watu huketi chini alfajiri, miguu pekupeku, wakiwatilia watawa wali wa kunata kwenye mabakuli. Mtawa hapiti akishukuru, na tendo linakamilika kimya. Pia watoto maskini huketi kwenye mstari huo na vikapu vyao, na watawa huwatilia sehemu ya walichopewa. Jaribu kutoa kwa njia ambayo mpokeaji hawezi kukushukuru: lipa deni la mtu dukani bila jina.

*Kubaki na hesabu.* Nchini Thailand, baada ya kutoa, mtu humimina maji polepole watawa wakisoma, akiwapa thawabu ya tendo lake marehemu wake na viumbe wengine, kisha maji hayo humwagwa chini ya mti. Nawe malizia kila tendo kwa kumwombea mtu mwingine faida yake. Usiibakize kwako.

Ukitaka mwalimu

Dar es Salaam kuna hekalu la Theravada lililoanzishwa na Wasinhala waliohamia kutoka Sri Lanka mapema katika karne ya 20. Karibu na Entebbe kuna Uganda Buddhist Centre, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Bhante Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa Uganda. Ukienda mahali pa namna hiyo, vua viatu, funika mabega, usielekeze nyayo kwenye sanamu. Ukipeleka chakula kifike kabla ya saa sita mchana, kwa kuwa watawa wa Theravada hawali baada ya hapo. Pesa weka kwenye sanduku, usimpe mtawa mkononi.

Mpango wa wiki nne

Wiki ya kwanza: zoezi la mkono kwa mkono kila asubuhi, na zawadi moja ndogo kila siku. Wiki ya pili: ongeza dakika kumi za kukumbuka zawadi kabla ya kulala. Wiki ya tatu: anza mabakuli au glasi saba, na metta kwa yule mtu wa nne. Wiki ya nne: sahani ya mchele mara moja kwa siku, kutazama picha mara moja, na mwisho wa wiki tengeneza kitu cha kufagia au cha kugawa.

Usipime maendeleo kwa kiasi cha pesa kilichotoka. Pima muda unaopita kati ya kuona haja ya mtu na kunyoosha mkono. Ukifupika, mazoezi yanafanya kazi. Pima pia ulimi: siku ngapi zinapita bila kumtaja uliyemsaidia. Na ipo siku utaamka huna kitu na moyo umekauka. Siku hiyo usiliruke zoezi, lipunguze. Bakuli moja badala ya saba, tonge badala ya sahani, salamu ya kusimama badala ya pesa. Toa kidogo kuliko kawaida yako, lakini toa.